Acheni kufunika kutu kwa puti halafu mnasema gari "limefufuliwa"!

Wakuu, leo nina hasira na sitazunguka.

Picha ni zile zile humu jukwaani kila wiki. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ya wazi ya miaka ya 60, rangi inang'aa kama kioo, kabureta za Weber zimepachikwa, rimu mpya, na maelezo: "ukarabati umekamilika." Gonga chini ya mlango kwa kifundo cha kidole. Badala ya mlio wa bati unasikia "dup", kama unagonga ubao. Hiyo ni puti, tena nene.

MGB haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi. Na hii ya wazi haina hata paa la kusaidia, kwa hiyo mzigo wa katikati unabebwa na sakafu, handaki la propela shafti, na zaidi ya yote zile boriti mbili zinazopita chini ya milango. Boriti hizo si bati moja. Ni sanduku: bati la nje unaloliona, bati lililosimama katikati, na bati la ndani linaloshikana na sakafu. Matope yanaingia kupitia matao ya magurudumu, matundu ya kutolea maji yanaziba, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kipele unachokiona kwenye rangi ni kutu iliyokwisha kula na sasa inachungulia.

Halafu mtu ananunua bati jipya la nje, analichomelea juu ya lililooza, anapiga puti, anapaka rangi. Ndani hakuna kitu! Unyevu umebanwa kati ya mabati mawili, na puti yenyewe inanyonya maji. Puti ni ya kusawazisha mabonde ya milimita 1 au 2, baada ya prima (rangi ya msingi) ya epoksi. Haijawahi kuwa bati.

Kundi la pili ni baya zaidi: wanaokata kweli, ila wanakata ovyo. Gari limewekwa juu ya stendi popote palipopatikana, milango imeng'olewa, boriti zote mbili zimekatwa siku moja. Bodi inajikunja kidogo tu, wao hawaoni. Wanachomelea ikiwa imepinda vile vile, na siku ya kurudisha milango ndipo kilio kinaanza: juu mlango unagusa, chini kuna mwanya wa kupitisha kidole. Dawa yao? Wanasaga mlango kwa grenda. Jamani!

Kabla ya kushika grenda, weka gari sawasawa, uzito ukae kwenye sehemu za saspensheni, si katikati ya tumbo. Pima mianya ya mlango juu, katikati na chini, uandike. Chomelea bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pande zote mbili. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Bati jipya libane kwa klempu, rudisha mlango, ufunge na kufungua. Mwanya ukiwa sawa ndipo uchomelee. Na usijidanganye kwamba boriti inaishia pale mlango unapoishia. Inaendelea nyuma ya fenda ya mbele, na nyuma inaingia chini ya fenda pia. Fenda ya mbele lazima itoke. Asiyeitoa ameunga kipande cha katikati tu.

Kuhusu injini nitakuwa mfupi. Unafunga kemshafti kali (shafti inayofungua valvu) na tapeti mpya (vipande vinavyosukumwa nayo), unawasha, unaiacha injini kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, ukirekebisha kabureta. Kemshafti umeshaiua. Tapeti bapa mpya zinataka mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, mara tu injini inapowaka, kwa sababu kemshafti inategemea oili inayorushwa na krenki. Tumia oili yenye zinki ya kutosha. Nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki ili kulinda mtambo wa kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Na bolti! Gari hili kwa sehemu kubwa ni la nyuzi za UNF, yaani nyuzi za kubanana za kipimo cha inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, basi mtu anaona M8 (bolti ya milimita 8) "inaingia", anaisukuma kwa spana. Ya 5/16 ina nyuzi 24 kwa inchi, M8 ina kama 20. Mizunguko miwili inakubali, wa tatu unakula nyuzi zote.

Jibu la kwanza: Umeacha jambo moja mkuu. Hata waliokata vizuri wanaharibu kwenye kuchomelea. Bati la milimita 1 huwezi kulivuta mstari mmoja mrefu, linakunjamana kama karatasi. Waya wa kuchomelea wa milimita 0.6, nukta moja hapa, nyingine mbali, unarudi likipoa. Pale kiwanda kilipotumia spoti (kuchomelea kwa nukta), toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kila baada ya sentimita 3 hivi, uyajaze. Prima ya zinki kati ya mabati, na nta ya kuzuia kutu ndani ya sanduku baada ya rangi. Ukiipuliza kabla ya kuchomelea inawaka moto.

Mwanzisha uzi: Sahihi kabisa, na usizibe matundu ya maji kwa hiyo nta. Sasa mwenye gari "lililofufuliwa" aweke picha za boriti zikiwa wazi, kabla ya rangi. Za rangi tumeshaziona.