Kumpeleka mama Misali

Asalaam alaykum. Mama anakuja Pemba kutoka Ngazija, magoti yanamsumbua. Nataka kumpeleka kisiwa cha Misali. Je, mawe yake ni ya volkano kama ya mlima wetu Karthala? Avae nini?

— Waalaykumu salaam. Hapana, ni matumbawe ya kale. Hukata kama wembe, ndara hazifai kabisa. Raba za soli nene, zenye kamba.

— Tazama mwezi mwandamo kwanza! Tarehe mosi na 15 za mwezi huo ni bamvua, maji hujaa na kutoka sana: yakitoka, chombo hubaki mbali na mama atatembea juu ya miamba yenye utelezi. Nendeni tarehe 8 au 22, maji mafu, yasiyotoka mbali. Ondokeni bandari ya Wesha asubuhi, kabla upepo haujakaza.

— Kushuka chomboni ndiko kugumu. Mmoja atangulie majini amshike mikono, mwingine abaki nyuma yake. Asiruke, tafadhali.