Riba ya Benki Kuu imeshuka tangu 2024. Mbona ya mkopo wangu wa boti imeganda?

Nahodha wa Mkomani (Lamu)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa wale wanaoelewa mambo ya benki na sera za fedha, kwa sababu kila ninapouliza kwenye kaunta hujibiwa kwa adabu nyingi na maelezo machache.

Nina boti mbili. Moja huvusha abiria kati ya Mokowe na Amu; ya pili hukodiwa na wachuuzi wa samaki kupeleka barafu Kizingitini na kurudi na mzigo. Mwezi Julai 2023 nilichukua mkopo wa miaka minne wa kununulia injini mpya, nikaweka hati ya kiwanja kuwa dhamana. Riba ilikuwa asilimia 15.5 kwa mwaka, na mkataba ulisema kwamba benki yaweza kuibadilisha kwa kuzingatia hali ya soko. Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha riba yake, ile inayoongoza bei ya mikopo sokoni, Desemba 2023, na tena Februari 2024, barua za benki yangu hazikuchelewa: nilipandishwa hadi asilimia 17.5, kisha 20. Tangu Agosti 2024 Benki Kuu imekuwa ikishusha, kutoka asilimia 13 hadi 9.25 mwezi Oktoba mwaka huu wa 2025. Mimi nimepata barua moja tu, ya kunishusha hadi 18.5.

Salio langu ni kama shilingi 900,000. Msimu wa kaskazi hulipa bila taabu, lakini kusi likivuma boti ya Kizingitini hushinda gatini, na tarehe ya rejesho haijui kusi wala kaskazi. Je, benki inavunja sheria, au hiyo riba ya Benki Kuu haituhusu sisi wakopaji wadogo?

Binti wa Langoni (Lamu)

Wa alaykumu salaam. Haya yote yangekwisha kama ukomo wa riba wa 2016 ungerudishwa. Wakati ule sheria ilisema wazi kwamba hakuna benki itakayotoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Kwa hesabu hiyo leo ungelipa asilimia 13.25, na hakuna mtu angekuja hapa kuuliza. Tuliiacha sheria nzuri ikafutwa, sasa tunalalamika.

Karani Mstaafu (Malindi)

Nahodha, nilifanya kazi katika idara ya mikopo kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na swali lako lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Kwanza tuangalie hesabu yako mwenyewe, maana imebeba zaidi ya ulivyoeleza. Ulipokopa Julai 2023 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo benki ilikuwa imeongeza pointi 5 juu yake. Ulipofikishwa asilimia 20, riba ya Benki Kuu ikiwa 13, nyongeza ilikuwa pointi 7. Leo unalipa 18.5 na Benki Kuu iko 9.25, nyongeza ni pointi 9.25. Barua iliyokushusha riba ndiyo imekuacha na pengo kubwa kuliko yote uliyowahi kutozwa. Kwa hiyo ukienda benki usilalamikie asilimia 18.5. Uliza nyongeza hiyo imepandaje kutoka 5 hadi zaidi ya 9, ilhali wewe ni mteja yule yule, mwenye dhamana ile ile, na deni limepungua.

Benki itakuwa na majibu, na baadhi yake ni ya kweli. Shilingi ilipoporomoka hadi takriban 160 kwa dola moja Januari 2024, na deni la hati fungani ya nje ya dola bilioni 2 likiwa linaiva Juni mwaka huo, serikali ilikopa ndani kwa bei ghali sana. Hati za Hazina za siku 91, ambazo serikali huziuza ili kukopa kwa muda mfupi, zililipa karibu asilimia 16. Mwenye pesa nyingi hakukubali kuziweka benki kwa asilimia 8 ilhali serikali ilikuwa ikimlipa maradufu, kwa hiyo benki zilichukua amana za muda maalumu kwa riba kubwa, na amana hizo ziliendelea kulipwa riba hiyo hata baada ya Benki Kuu kuanza kushusha. Jambo la pili ni mikopo isiyolipwa, ambayo katikati ya 2025 ilikuwa imezidi asilimia 17 ya mikopo yote ya benki nchini. Mkopaji anayelipa hubebeshwa sehemu ya hasara ya asiyelipa. Si haki, lakini ndivyo bei ya mkopo inavyopangwa.

Sasa niseme mahali ambapo majibu hayo hayatoshi. Amana za muda maalumu huwa za miezi mitatu, sita, au mwaka. Tangu Agosti 2024 zimeshaiva na kuwekwa upya kwa riba ya chini. Hati za siku 91 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 8 kufikia katikati ya 2025. Mwezi Februari 2025 Benki Kuu ilipunguza pia kiwango cha akiba ambacho kila benki hulazimika kuweka kwake, kutoka asilimia 4.25 ya amana hadi 3.25, ili benki zipate pesa zaidi za kukopesha, na ikatangaza kwamba wakaguzi wake wanapita kuona kama wateja wanashushiwa riba. Wastani wa riba za mikopo nchini umetoka takriban asilimia 17 mwishoni mwa 2024 hadi karibu 15 sasa. Wewe uko juu ya wastani huo kwa pointi tatu na zaidi.

Binti wa Langoni, kuhusu ukomo wa riba naomba tutofautiane kwa heshima. Mswada huo wa Mheshimiwa Jude Njomo, mbunge wa wakati ule, ulitiwa saini Agosti 2016 na kuanza kazi Septemba, na hata mimi niliufurahia siku za mwanzo. Lakini nilikuwa upande wa pili wa meza. Maombi ya wenye maduka madogo, ya wavuvi na ya wenye bodaboda yalirudi kutoka makao makuu yamekataliwa, kwa sababu kwa bei iliyowekwa na sheria benki haikuona faida ya kubeba hatari yao. Pesa zilikwenda kwa serikali na kwa kampuni kubwa. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulianguka chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Waliokuwa na mkopo tayari walineemeka, na waliotaka mkopo mpya wakaishia kwenye programu za simu zilizotoza kwa mwezi mmoja kiasi ambacho benki ilitoza kwa mwaka. Ukomo ulifutwa Novemba 2019. Wakopeshaji wa simu nao walikaa hadi mwisho wa 2021 bila sheria ya kuwataka wawe na leseni ya Benki Kuu.

Kilichokuja sasa ni tofauti. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mkopo mpya wa shilingi wenye riba inayobadilika unapangwa kwa kigezo kimoja kiitwacho KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana kwa usiku mmoja. Benki Kuu huishikilia riba hiyo karibu na yake, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 0.75. Juu ya kigezo hicho benki huongeza nyongeza yake, iliyopewa herufi K, yenye gharama za kuendesha mikopo, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji mwenyewe. Mikopo ya zamani kama wako inatakiwa kuhamishiwa mfumo huu kufikia mwisho wa Februari 2026. Mfumo huu haupangi K iwe kiasi gani. Unachofanya ni kuitoa mafichoni, kwa hiyo kigezo kikishuka na wewe usishuke, itajulikana wazi ni nani aliyebaki na tofauti.

Mama Hazina (Shela, Lamu)

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo cha akina mama, na ningependa Nahodha azingatie njia ya ushirika pia, ila asikimbilie tu kwa kusikia "asilimia moja kwa mwezi". Aulize asilimia hiyo inahesabiwa juu ya nini. Tuchukue mkopo wa shilingi 120,000 wa mwaka mmoja, unaorudisha 10,000 ya mkopo kila mwezi. Ikiwa asilimia moja inatozwa juu ya salio linalopungua, riba yote ya mwaka ni shilingi 7,800. Ikiwa inatozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, ni shilingi 14,400, karibu mara mbili, na tangazo ukutani ni lile lile. Nimewaona wanachama waliohama benki ya asilimia 18 kwenda kwenye kikundi cha "asilimia 12" na kuishia kulipa zaidi.

Pia, kaka yangu, vyama vinavyopokea amana husimamiwa na mamlaka ya serikali iitwayo SASRA chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008, lakini ile bima ya amana ya hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti ni ya benki, haigusi fedha zako zilizo katika chama. Na huko hukopi kwa hati ya kiwanja peke yake. Unahitaji wadhamini, na mdhamini katika mji mdogo kama wetu ni jirani, au shemeji, ambaye utakutana naye kila siku gatini.

Mfanyabiashara wa Maweni (Malindi)

Kwa mkopo ujao, nakushauri utazame murabaha. Benki inainunua injini na kukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, nawe unailipa bei hiyo kwa awamu. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo tangu 2023 inaitwa Premier Bank, zilianza kazi hapa Kenya 2008, na benki nyingine kadhaa zina dirisha la aina hii. Mwaka 2024 wenzetu wote walipoletewa barua za kupandishiwa riba, mimi sikuletewa, kwa kuwa bei ilishafungwa. Kwa upande mwingine, Benki Kuu imeshusha mara hizi zote nami bado nalipa vile vile. Na tusidanganyane, faida wanayoweka mwanzoni huipima kwa riba ya sokoni. Uhalali wa muamala ni suala moja, na unafuu wa bei ni suala lingine.

Nahodha wa Mkomani (Lamu)

Nawashukuru nyote, hasa mzee wetu wa Malindi, kwa hesabu ya nyongeza ambayo sikuwahi kuifikiria. Nimeandikia tawi barua ya kuomba K yangu kwa maandishi. Afisa alinipigia simu kuniambia kwamba mkopo wangu utahamishwa Februari na kwamba nisubiri. Nimeambiwa na rafiki kwamba benki nyingine ingenichukua kwa asilimia 14 na kitu. Je, nihame? Na barua za kunipandishia zilikuwa halali kweli?

Karani Mstaafu (Malindi)

Uhalali kwanza, kwa kifupi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinazuia benki kuongeza viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2024, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, kwamba riba nayo imo katika ada hizo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza idhini ya kukupandisha hadi 17.5 na 20 ilitolewa lini. Waulize kwa maandishi, na jibu lao lipeleke kwa wakili kabla hujasema neno "kesi" mbele ya meneja. Fahamu pia kifungu cha 44A, ambacho hakikuhusu sasa: mkopo ukishaingia kwenye orodha ya isiyolipwa, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwapo siku hiyo.

Kuhusu kuhama, fanya hesabu kabla ya kuvutiwa na asilimia 14. Tuseme unashuka kutoka 18.5 hadi 14.25. Pointi 4.25 juu ya 900,000 ni shilingi 38,250 kwa mwaka, na watu wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini mkopo wako unakwisha Julai 2027 na salio linapungua kila mwezi, kwa hiyo akiba yote hadi siku ya mwisho ni kama 33,000 hadi 35,000. Kutoka humo utalipa mthamini wa kiwanja, wakili, ada ya kuondoa dhamana ya benki ya kwanza na kuisajili ya pili, pamoja na ada ya kuandaa mkopo mpya. Zikizidi kiasi hicho, umehama kwa hasara. Ofa ya benki ya pili iombe hata hivyo, kwa barua, kisha iweke mezani kwa benki yako. Afisa aliyekwambia usubiri Februari atakuwa na sababu ya kukuita mapema.

Na ukiitwa, usiishie kwenye riba. Omba ratiba ya marejesho ibadilishwe, ulipe riba peke yake kuanzia Mei hadi Agosti na sehemu kubwa ya mkopo kuanzia Novemba hadi Machi. Benki huwafanyia hivyo wakulima wanaosubiri mavuno, na sioni kwa nini mwenye boti anyimwe ikiwa ataleta taarifa za akaunti za miaka miwili kuonyesha mapato yake yanavyopanda na kushuka kwa msimu. Liombe sasa, ukiwa hudaiwi rejesho hata moja. Mkopo uliochelewa siku 90 huhesabiwa kuwa haulipwi, na baada ya hapo kila utakachoomba kitajibiwa kwa K kubwa zaidi.