Naomba ushauri: kila chakula cha Kihindi ninachopika nyumbani kinaishia kuwa na ladha moja

Jiko la Iringa (mleta mada):

Habari za wakati huu, wanajamvi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kupika vyakula vya Kihindi nyumbani, hasa wale wanaoweza kutofautisha chakula cha jimbo moja la India na cha jimbo jingine. Ninaishi Iringa mjini na nimekuwa nikipika kwa kufuata maelekezo ya mtandaoni: wiki hii samaki wa Kerala, wiki ijayo dali ya Kigujarati, mara nyingine samaki wa haradali wa Bengal. Viungo ninavipata, vingine kwa kuagiza Dar es Salaam, na nyumbani wanakula bila kunung'unika. Tatizo ni kwamba sufuria zote hutoa harufu ileile na mchuzi uleule mzito mwekundu, kiasi kwamba mume wangu huuliza kama ni kile cha juzi kilichopashwa moto.

Utaratibu wangu ni huu: ninakaanga vitunguu maji kwa mafuta ya alizeti hadi viwe vya kahawia, ninatia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya, kisha garam masala na binzari manjano, na mwisho ninatia samaki, dali au mboga kulingana na siku. Je, kasoro iko kwenye viungo au kwenye utaratibu wenyewe? Ninayo maswali mengine mawili. Haradali ninayoisaga kwa ajili ya samaki wa Kibengali huwa chungu, na rojo la idli (vikeki vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke) na dosa (chapati nyembamba za rojo hilohilo) haliumuki kabisa katika baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Natanguliza shukrani.

Bi Marikiti:

Dada yangu, jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe katika aya ya pili. Msingi huo wa kitunguu cha kahawia, tangawizi, saumu na nyanya ni wa Punjab na wa mahoteli ya Delhi, na ndio uliosambaa duniani kwa sababu unaifaa biashara: mpishi hutengeneza sufuria moja kubwa asubuhi, na jioni akatoa humo vyakula vya majina mengi. Garam masala nayo asili yake ni jikoni za kaskazini. Mama wa Kerala anaweza kupika mchuzi wa samaki mwaka mzima asiiguse.

Mimi, kabla sijawasha moto, huuliza kwanza mafuta ni yapi na ukali, yaani uchachu, wa chakula hicho unatokana na nini. Kerala hupikia mafuta ya nazi, Tamil Nadu mafuta ya ufuta, Bengal mafuta ya haradali, Gujarat mafuta ya karanga, na Punjab hupenda samli. Kwenye ukali, Watamil hutumia ukwaju, watu wa pwani ya Konkan, magharibi mwa India, hutumia kokum, tunda chachu lililokaushwa, Goa hutumia siki, na kaskazini hutumia mtindi au unga wa embe bichi lililokaushwa. Nyanya ilifika India pamoja na Wareno, kama ilivyofika pilipili, na viko vyakula vingi ambavyo mpaka leo haviihitaji.

Chukua mchuzi mwekundu wa samaki wa Kerala. Weka mafuta ya nazi kwenye chungu cha udongo, tia haradali nzima, na ikishapasuka tia uwatu kidogo sana, majani ya karipata, vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwa na tangawizi. Punguza moto kabla ya kutia pilipili ya unga na binzari manjano, kwa sababu pilipili ikiungua hakuna kitakachoiokoa. Ukali wake ni kodampuli, tunda lililokaushwa kwa moshi ambalo huloweshwa kwanza. Ukilikosa, tumia ukwaju, ingawa hautakuwa na ule moshi. Nyanya usitie. Ukisha kuiva, funika chungu ukiache mpaka kesho yake, kwa sababu mchuzi huu siku ya pili huwa mtamu zaidi. Ukitaka mwingine wa hukohuko Kerala, tia embe bichi na tui la nazi, na utashangaa jinsi unavyokaribiana na wa kwetu Mombasa.

Wala usihangaike kutafuta nguru mpaka Iringa. Karimeen, samaki anayependwa sana Kerala, ni wa ukoo mmoja na perege. Mpake viungo perege wako wa Mtera, mfunge kwenye jani la mgomba, umchome juu ya kikaango taratibu.

Mkulima wa Nachingwea:

Ninaongeza jambo moja tu kuhusu dali. Ile dali ya njano ambayo Wagujarati hupikia dali yao tamu yenye ukali, na ambayo Watamil hupikia sambar, mchuzi wao wa dali na mboga, ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi zetu za Lindi, Mtwara na Manyara husafirishwa kwa meli kwenda India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji, sisi wakulima tuliona bei ikianguka vibaya. Kwa hiyo hakuna sababu ya kununua pakiti iliyotoka ng'ambo kama unaweza kupata mbaazi nzima sokoni. Zilowekwe usiku, zichemshwe hadi zipondeke, kisha zipitishwe kwenye chujio ili maganda yabaki. Kazi ipo, lakini dali inatoka laini.

Mzee wa Kisutu:

Nimesoma mchango wa Bi Marikiti kwa heshima, lakini kuna mahali sikubaliani naye. Mleta mada asije akadhani kwamba kitunguu na nyanya ni kosa. Wahindi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao asili yao ni Gujarat na Kachchh, wamepika kwa vizazi vingi kwa kutumia vilivyopo hapa, na vyakula kama kuku paka wa tui la nazi au muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu ni mali yao halali ijapokuwa kijijini kwa mababu zao havikuwapo. Chakula husafiri, na kikifika hubadilika.

Ninachokubaliana naye ni kwamba dali ya Kigujarati haianzi kwa kitunguu cha kahawia. Dali huchemshwa peke yake pamoja na binzari manjano, karanga chache, sukari guru na ukwaju au kokum, hadi iwe nyepesi ya kunywewa kwenye bakuli. Halafu mwishoni kabisa ndipo inapoungwa: samli au mafuta kidogo yanapashwa moto, inatiwa haradali nzima, ikishapasuka inafuata bizari nyembamba, pilipili kavu, karafuu mbili tatu, karipata na mvuje kiasi cha ncha ya kisu, kisha vyote vinamiminwa juu ya dali na kifuniko kinarudishwa harakaharaka. Ule mlio na ule mvuke ndio nusu ya ladha. Mvuje ununuliwe kidogo na ufungwe vizuri, maana harufu yake huenea kabati zima. Wajaini, waumini wa dini mojawapo ya India ambao hawali kitunguu wala saumu, hutegemea mvuje huo kulijaza pengo, na nyumba nyingi za Kihindu za Gujarat nazo dali hii huipika bila kitunguu.

Jiko la Iringa:

Shikamoo Mzee, na asante Bi Marikiti. Dali nimeipika jana kwa namna hiyo, bila kitunguu, na kwa mara ya kwanza haikufanana na kitu kingine nilichowahi kupika. Sukari guru niliitilia shaka, lakini pamoja na ukwaju imekaa mahali pake. Yamebaki haradali na rojo la idli. Je, kwa samaki wa Bengal naweza kuendelea na mafuta ya alizeti?

Mswahili wa Leicester:

Unaweza, lakini hutapata chakula kile. Alizeti iliyosafishwa haina harufu, na samaki huyu ameegemea harufu ya mafuta ya haradali kuliko kitu kingine chochote. Huku Uingereza chupa zake huandikwa kuwa ni za kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo, ambayo inahofiwa kudhuru moyo, ingawa Bengal hupikiwa kila siku. Kwa hiyo kila mtu aamue mwenyewe, na mimi hutumia kijiko kimoja au viwili, si zaidi. Ukiyakaangia, yapashe moto hadi moshi wa kwanza uonekane na rangi yake ipauke, kisha zima moto yapoe kidogo kabla ya kuendelea. Hapo ule ukali wa kupanda puani unatulia.

Kuhusu uchungu, sababu kubwa ni tatu. Mbegu nyeusi ni chungu kuliko za njano, kwa hiyo tumia za njano nyingi na nyeusi chache. Kusaga kwa muda mrefu huzidisha uchungu, hasa mbegu zikiwa kavu. Ziloweke kwanza robo saa hivi katika maji baridi, uzisage pamoja na chumvi na pilipili mbichi, kisha chuja maganda. Ya tatu ni moto: haradali ikichemka sana, ukali wake hupotea na uchungu ndio unaobaki. Ndiyo maana Wabengali wengi hawauchemshi mchuzi huo bali humpika samaki kwa mvuke. Changanya haradali iliyosagwa, binzari manjano, pilipili mbichi zilizopasuliwa na mafuta mabichi ya haradali, mpake samaki, mfungie kwenye chombo chenye mfuniko, ukiweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa muda wa robo saa. Ukiona bado ni kali, nazi iliyokunwa au mtindi kidogo utaipooza. Samaki wao wa heshima ni hilsa, mwenye mafuta na miiba mingi; vibua wanaweza kushika nafasi yake, na kwa kuwa Wabengali hula sana samaki wa mito na mabwawa, perege naye hatakuwa mgeni. Hakuna kitunguu hapo, hakuna nyanya, na hakuna garam masala.

Mama Makambako:

Mimi ninaishi kwenye baridi kuliko wewe, kwa hiyo nijibu la idli. Vikombe vitatu vya mchele kwa kimoja cha urad (choroko nyeusi) iliyomenywa, na kijiko cha chai cha uwatu uloweke pamoja na urad. Vilowekwe mbalimbali kwa saa nne hadi sita, na urad isagwe kwanza, kwa maji ya baridi yanayotiwa kidogo kidogo, hadi iwe na hewa kiasi kwamba ukidondosha tone kwenye bakuli la maji linaelea. Mchele uusage uache chenga ndogo. Kama mchele ni wa kawaida, ongeza nusu kikombe cha wali uliokwisha pikwa, vinginevyo idli zitakuwa ngumu. Angalia pia kwamba urad si ya kukaa dukani miaka, maana iliyozeeka haiumuki vizuri hata Dar es Salaam.

Rojo linataka joto la nyuzi 27 hadi 32. Mimi hutia maji ya moto kwenye hotpoti kubwa, nikayamwaga baada ya dakika chache, nikaweka humo sufuria ya rojo na kuifunga kwa blanketi. Mwenye oveni aweke rojo ndani, asiiwashe, awashe taa yake tu. Na usihesabu usiku mmoja: pwani saa nane hutosha, lakini huku kwetu mwezi wa saba huchukua hata saa kumi na nane. Uangalie kimo chake na mapovu, usiangalie saa.

Jiko la Iringa:

Nashukuru sana, Mama. Je, kama sina vyombo vya kupikia idli, nifanyeje?

Mama Makambako:

Vikombe vidogo vya chuma vilivyopakwa mafuta, ndani ya sufuria ya mvuke, vinatosha kabisa. Na rojo litakalobaki siku ya pili, likiwa limezidi kuchachuka, lichanganye na kitunguu kilichokatwakatwa, pilipili mbichi na karipata, ulichome kwenye chuma cha vitumbua. Watamil wana chuma kama hicho hicho, na chakula chenyewe wanakiita paniyaram. Tia mafuta ya ufuta kidogo katika kila shimo, na ukigeuze upande wa pili kingali kibichi kidogo juu.