Mfuatano wa matukio ya Zelda: kauli ya mwisho ni ya gemu au ya kitabu?

Mleta mada

Wadau, kila suala hili likiguswa watu hurushiana maneno, na mwisho wake hakuna kinachosogea. Safari hii naomba tulichambue taratibu.

Gemu za The Legend of Zelda zilianza mwaka 1986. Karibu kila moja ina kijana aitwaye Link, binti mfalme aitwaye Zelda na nchi iitwayo Hyrule. Lakini Link wa gemu hii mara nyingi si Link wa gemu ile. Ni vizazi mbalimbali, vingine vimeachana kwa karne nyingi, na gemu hazikutoka kwa kufuata mpangilio wa vizazi hivyo. Nani alitangulia, nani akafuata? Hilo ndilo swali.

Desemba 2011 Nintendo, kampuni inayozitengeneza, walitoa kitabu cha Hyrule Historia chenye mchoro rasmi. Mchoro unaanzia Skyward Sword, unashuka hadi Ocarina of Time, halafu hapo unachanuka matawi matatu. Tawi moja ni la Link aliyerudishwa utotoni. La pili ni dunia aliyoiacha nyuma alipoondoka akiwa mtu mzima. La tatu ni dunia ambamo Link alishindwa katika pambano la mwisho. Tangu siku hiyo ukiuliza chochote unajibiwa "kitabu kimeshasema", na mjadala unafungwa.

Mimi nasema kitabu ni shahidi, si hakimu. Gemu yenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza, na viwili hivyo vikigongana, gemu ishinde.

Tuangalie Link's Awakening ya 1993 na zile gemu pacha za Oracle za 2001. Hyrule Historia ilizipanga hivi: A Link to the Past, kisha Oracle, kisha Link's Awakening, zote za Link mmoja. Kikaja kitabu kingine cha Nintendo, Hyrule Encyclopedia, kilichotoka Japani mwaka 2017, kikageuza: Link's Awakening ikapanda ikawa mara baada ya A Link to the Past, na Oracle zikapewa Link mwingine kabisa. Kati ya vitabu hivyo viwili hakuna hata mstari mmoja uliobadilishwa ndani ya gemu hizo. Aliyekuwa akijibu "kitabu kimeshasema" mwaka 2012 alikuwa akitetea mpangilio ambao wenyewe waliutupa miaka mitano baadaye.

Na ukicheza, gemu inakupa jibu bila kitabu. Katika Link's Awakening, kivuli cha bosi wa mwisho hujigeuza na kuchukua umbo la Agahnim, yule mchawi wa A Link to the Past. Bosi yule ni jinamizi, na jinamizi linamtisha mtu kwa sura anayoijua. Kwa hiyo yule ni Link wa A Link to the Past, hakuna haja ya kuambiwa. Sasa njoo Oracle: ukiziunganisha zote mbili, Zelda anatokea, na yeye na Link wanajuana kama watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Katika A Link to the Past Link alimtoa Zelda gerezani, na mtu uliyemtoa gerezani kwa mkono wako hajitambulishi kwako upya. Ushahidi huu ulikuwepo tangu 2001, na Historia iliupita.

Nawasikiliza.

Mdau wa kwanza

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho. Hoja ya Oracle ni nzito, sikatai. Lakini unazungumza kana kwamba gemu zina sauti moja, na hazina.

Chukua A Link to the Past ya 1991. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja nayo kinasimulia vita vya kumfungia Ganon, adui mkuu wa gemu hizi: watu walimtafuta shujaa wa kuushika Master Sword, upanga wa kumshinda mwovu, hawakumpata, wenye hekima saba wakamfungia huku askari wa kifalme wakifa wakiwalinda. Miaka saba baadaye ikatoka Ocarina of Time kama kisa cha asili ya mambo hayo. Wenye hekima ni saba ukimhesabu Zelda. Ganondorf, yaani Ganon katika umbo la mtu, ni yuleyule mwizi wa jangwani. Lakini humo shujaa yupo, upanga anao, na anashinda!

Gemu mbili zinapingana. Utaamuaje kwa kanuni yako ya "gemu ishinde"? Ipi? Hapo ndipo tawi la tatu linapookoa: Link ameanguka, shujaa hakuna, wenye hekima wakafunga wenyewe. Hakuna gemu inayosimulia anguko hilo. Limetoka kitabuni. Ukikivua kitabu mamlaka, A Link to the Past, ile ya kwanza ya 1986 na Zelda II zote zinabaki zikining'inia hewani.

Mdau wa pili

Naongezea kwa mdau wa kwanza, halafu nampinga kidogo. Kama anguko la Link linazaa tawi, mbona ni pale tu? Link hufa mikononi mwetu katika kila gemu. Mimi mwenyewe Twilight Princess imeniua mara zisizohesabika na hakuna tawi lililochipuka. Tawi la tatu ni kiraka. Kiraka kizuri, nguo inavalika, lakini ni kiraka.

Kinachoniuma zaidi ni Breath of the Wild ya 2017. Nendeni mkasome maelezo ya chumvi. Ndiyo, chumvi ya mawe ile unayoipata ukipasua miamba na kuitia kwenye sufuria. Imeandikwa kuwa ni chumvi iliyoganda kutoka bahari ya kale. Hyrule ile ni milima na nyika, bahari ya kale imetoka wapi? Gemu ambamo Hyrule nzima inalala chini ya bahari ni moja, The Wind Waker. Kisha tazama Warito, watu-ndege wanaoruka, na Wakorok, viumbe wadogo wa msituni: wote tuliwaona kwanza kwenye The Wind Waker. Na yule mnyama mkubwa wa mitambo anayezunguka angani juu ya kijiji cha Warito anaitwa Vah Medoh, jina lililochukuliwa kwa Medli, binti wa Kirito wa gemu hiyohiyo. Hakuna kitabu kilichonifundisha haya. Kwangu Breath of the Wild iko mwisho kabisa wa tawi la utu uzima, baada ya bahari kukauka.

Mdau wa tatu

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Hivi jina lenyewe si linasema ni hekaya? Hekaya husimuliwa upya. Bibi husimulia kisa cha sungura leo hivi, kesho vile, na hakuna mjukuu anayeuliza sungura wa jana na wa leo nani mkubwa. Shigeru Miyamoto, mwasisi wa gemu hizi, na wenzake hutengeneza kwanza namna ya kucheza, kisa kinafuata baadaye. Wenye gemu hawakuanza na mchoro, sisi tunautafutia nini?

Mleta mada

Mdau wa tatu, nakujibu wewe kwanza kwa sababu hoja yako ikisimama, sisi wengine tufunge virago.

Ingekuwa kila gemu ni kisa cha sungura kilichosimuliwa upya, The Wind Waker isingekuwa na maana. Mwanzo wake tu unasimulia kwamba zamani alikuwepo kijana aliyevaa kijani aliyemshinda mwovu, kisha akatoweka. Mwovu aliporudi watu walimngoja shujaa, hakuja, na miungu ikaifunika nchi kwa maji. Ukishuka hadi kwenye kasri lililozama, ukafika chumba cha Master Sword, madirisha ya vioo vya rangi yanakutazama kutoka pande zote. Mle vioo vimechorwa wenye hekima wa Ocarina of Time. Saria yumo. Darunia yumo. Kama ulicheza Ocarina uliwajua wakiwa hai, ukacheza nao, na sasa ni picha kwenye kioo chini ya bahari. Uzito ule hauji bila "kabla" na "baada". Watengenezaji waliuweka pale kwa makusudi, wakijua wazi huyu Link anasimama juu ya kaburi la enzi ya yule.

Kwamba uchezaji ulitangulia, nakubali kabisa. Lakini mtu akijenga nyumba bila ramani, nyumba bado ina vyumba.

Sasa mdau wa kwanza. Umenibana vizuri na nimelazimika kufikiri. Nadhani nilisema kwa upana mno. Kuna kitabu kujaza pengo, na kuna kitabu kupinga kilichoonekana. Tawi la tatu linajaza pengo. Gemu mbili zimeacha ufa katikati, kitabu kimeweka daraja, na daraja halivunji ukuta wa upande wowote: ushindi wa Ocarina unabaki, vita vya A Link to the Past vinabaki. Hapo nakipokea. Oracle ni jambo jingine. Pale kitabu kilisimama mbele ya maneno ya Zelda mwenyewe na kusema kinyume. Hapo sikipokei, hata kiwe na muhuri gani. Na Historia yenyewe, tuitendee haki, inaonya msomaji kwamba historia hii inaweza kubadilika. Walioifanya sheria ni sisi mashabiki.

Mdau wa pili, kuhusu kifo cha Link kuzaa tawi pale tu, huna makosa. Ninachoweza kusema ni kwamba Ocarina ndiyo inayochezea wakati kwa kiasi kile. Matawi mawili ya kwanza yamo ndani ya gemu: Zelda anamrudisha Link utotoni, skrini inaonyesha dunia ya watu wazima ikisherehekea bila yeye, kisha inaonyesha mtoto amesimama uani kwa Zelda, dirishani. Dunia mbili, gemu moja. Mti ulishapasuka, la tatu likapachikwa penye ufa.

Mdau wa nne

Mimi nina swali la kiufundi ambalo naona mnaliruka. Mnasema "gemu imesema". Gemu ya lugha gani?

Mdau wa pili kaleta chumvi, nami naleta hotuba. Katika Breath of the Wild kuna kumbukumbu ambamo Zelda anambariki Link mbele ya mabingwa wanne. Kwa Kiingereza anataja shujaa aelekeaye angani, apoteaye katika wakati, azamaye katika mwanga wa machweo. Neno la Kiingereza lililotumika kwa wakati lina harufu ya chombo kinachoelea baharini bila nahodha, na nimewaona watu wakilishika kama ushahidi wa The Wind Waker. Kijapani hakina bahari. Kinasema kuzunguka katika wakati, basi. Anga ni Skyward Sword, wakati ni Ocarina, machweo ni Twilight Princess.

Sasa angalieni: Twilight Princess ni tawi la utotoni. Chumvi na Medli ni tawi la utu uzima. Gemu moja inakumbuka matawi mawili ambayo hayawezi kukutana. Mdau wa pili, chumvi yako haitoshi.

Mdau wa pili

Kwenye hotuba nimeshikwa, nilikuwa natumia tafsiri ya Kiingereza. Lakini hotuba ni sala, na sala hurithi maneno. Chumvi ni kitu, inashikika. Naipa uzito zaidi.

Mdau wa kwanza

Na hapo ndipo ninaporudi kwa wenye mali. Agosti 2024 Nintendo walionyesha mchoro ambamo Breath of the Wild na Tears of the Kingdom zimewekwa kando, hazijaungwa na tawi lolote. Echoes of Wisdom ya mwaka huohuo nayo ikapewa nafasi kwenye tawi la tatu, kabla ya ile ya 1986. Bila wao mngebishana juu ya chumvi hadi kiama. Mleta mada, kwa kanuni yako hii mpya ya kujaza na kupinga, hili la kuziweka kando ni lipi?

Mleta mada

Ni kujaza, na nalipokea. Tears of the Kingdom inatupeleka kwa Rauru, anayetajwa kuwa mfalme wa kwanza wa Hyrule, na humo kuna Ganondorf na vita vya kumfungia kwa mara nyingine. Ukiyalazimisha yakae karibu na Skyward Sword unavunja mengi. Hidemaro Fujibayashi, aliyeiongoza, ameacha mlango wazi kwamba huenda kulikuwa na Hyrule iliyoangamia kabla ya kuasisiwa kwa hii. Gemu haina ushahidi wa kuifunga kwenye tawi, na mchoro haukuifunga. Wamekubaliana.

Umeniomba niweke kanuni kazini, basi hivi ndivyo ninavyochora mchoro wangu. Mstari mnene ni pale gemu inapoitaja nyingine kwa kitu cha kushikika: Ocarina hadi The Wind Waker, A Link to the Past hadi Link's Awakening. Mstari mwembamba ni pale kitabu kinapojaza: Ocarina hadi A Link to the Past kupitia anguko la Link. Nukta nukta ni pale jina tu linapofanana, na humo nimeiweka chumvi ya mdau wa pili pamoja na Medli wake, nukta zinazotoka The Wind Waker hadi Breath of the Wild, na nukta nyingine za hotuba zinazotoka Twilight Princess hadi palepale.

Oracle nimezitenga na Link wa A Link to the Past. Kilichobaki kunisumbua ni picha ya mwisho ya Oracle zilizounganishwa: Link yuko kwenye mashua, anaondoka, tanga limejaa upepo. Link's Awakening inaanza na Link kwenye mashua, katikati ya dhoruba. Mashua zile zinafanana mno. Mwenye hoja ya kuzitenganisha, au ya kuziunganisha bila kumfanya Zelda amsahau aliyemwokoa, ailete.