Naomba ushauri: samaki wangu aina ya Cyprichromis wanajigonga kwenye kioo cha tangi taa ikiwaka

Habari zenu wakuu. Tangi ni la lita 600, urefu sentimita 180, samaki wote wa Ziwa Tanganyika: Cyprichromis leptosoma 12 (madume 4), Julidochromis 2 na Altolamprologus 3. pH 8.6, joto nyuzi 25, amonia na nitriti sifuri.

Taa ikiwaka asubuhi, hao 12 wanatimka hovyo. Wawili wamechubuka midomo, wa 13 aliruka nje kupitia tundu la bomba la kichujio. Nimeziba tundu, nimebandika karatasi nyeusi nyuma, nimepunguza mwanga nusu. Afadhali kidogo tu. (Mawe yako chini, juu pako wazi waogelee.)

Niwaongeze wafike 20, au taharuki itazidi? Na taa hafifu ya kutangulia iwake dakika ngapi kabla ya ile kubwa?