Naomba ushauri: kubadili umwagiliaji ili samoni wapite mto Lemhi

Ndugu wanachama, naomba ushauri kwa yeyote mwenye uzoefu wa umwagiliaji. Ninafanya kazi kwenye shamba la malisho ya ng'ombe kando ya mto Lemhi, jimbo la Idaho, Marekani, ambako samoni aina ya Chinook, wanaolindwa kisheria tangu 1992, hupanda kutoka baharini kupitia mito ya Columbia, Snake na Salmon ili kutaga mayai kwenye changarawe. Wakati wa kiangazi, mifereji ikishachota maji, kuna mahali mto huwa na kina kifupi kiasi kwamba mgongo wa samaki huonekana juu ya maji, na jambo hilo linaniumiza sana.

Mwenye shamba yuko tayari kuacha kufurisha maji shambani na kufunga mabomba ya kunyunyizia. Hata hivyo, maji yanayofurishwa huzama ardhini na kurudi mtoni polepole yakiwa baridi, hadi mwishoni mwa kiangazi samaki wanapotaga, nami nahofia tutayapunguza hayo pia. Je, tufurishe Mei na Juni, theluji inapoyeyuka, kisha tunyunyizie baadaye? Na mkataba uandikweje ili maji tutakayoyaacha mtoni yasichotwe na jirani aliye chini yetu?