Ushauri: PhD kuhusu wanafunzi wanaovuka mpaka kusoma, takwimu zinanikwamisha

Kalamu_Kavu: Wakuu, heshima kwenu. Naandaa andiko la PhD juu ya Wakenya na Watanzania wanaosoma Kampala, lengo uhadhiri. Limerudishwa: takwimu za UNESCO, Open Doors na za vyuo zinapingana. Nirekebishe wapi?

Mzee wa Jedwali: Zitapingana tu mkuu, kila mmoja anahesabu watu wake. UNESCO inamhesabu aliyevuka mpaka kwa ajili ya masomo; wa kubadilishana kwa muhula mmoja hayumo. Open Doors ni ripoti ya wanafunzi wa kigeni walioko Marekani, na jumla yake ina hata waliomaliza chuo wakabaki kwa mafunzo ya kazi. Sijui imefuata nini Kampala, itoe. Tatizo kubwa ni daftari la chuo. Likiandika uraia tu, Mkenya aliyekulia Kampala anaingia kama mgeni ilhali hajahama kwa ajili ya shule. Omba kwa msajili safu tatu: uraia, nchi aliyomalizia sekondari, mwaka alioanza. Safu ya pili ndiyo itakayokuokoa.

Bi Mwanda: Ongeza na ngazi ya masomo. Uganda ina kidato cha tano na cha sita, mfumo wa Kenya wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) hauna, kwa hiyo wapo wanaopitia kozi ya maandalizi kwanza. Amua mapema kama hao unawahesabu, uandike sababu.

Kalamu_Kavu: Asanteni. Mahojiano je? Nimepanga 30, wote walioko Kampala.

Mzee wa Jedwali: Hapo umejifunga. Ukiwahoji waliofika tu, kila sababu watakayotaja itaonekana ndiyo iliyowapeleka. Huenda na waliobaki walikuwa nayo. Fanya 18 Kampala, 12 wa walioomba wasiende.

Bi Mwanda: Na vibali: Uganda unaanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda). Kibali cha nyumbani hakivuki mpaka. Usihoji mtu kabla, majarida huuliza namba ya kibali.

Mzee wa Jedwali: Kuhusu kazi, nafasi iliyoandikwa "uhamaji wa wanafunzi" ni adimu. Zinatangazwa kama sera za elimu, sosholojia, demografia. Chagua moja sasa hivi, na msimamizi atoke humo. Mada pekee haikupi idara.

Kalamu_Kavu: Demografia basi. Naanza na barua ya msajili.

Bi Mwanda: Ipitishie kwa mkuu wa idara yako kwanza, iwe na mhuri.